Mguu wa Nne

Mnada wa mwisho wa korosho ukishafungwa,
ndipo nalitoa benchi barazani, nalilaza chali juani
kama mtoto anayetafutwa funza.
Miguu juu. Halina aibu.

Ni la mkongo. Mchopa alilichonga bila msumari,
ulimi na tundu, ulimi na tundu,
kisha akalikalia, akanitazama
kana kwamba ni mimi niliyebisha.

Kwanza kuosha. Hapa Newala maji si ya kumwagia mbao,
basi natumia yaliyokwisha kazi mbili jikoni,
na brashi ya katani, taratibu.
Ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma
ukilala juu ya mbao huzaa ukungu mwingine,
wa kijani, usioondoka jua likichomoza.

Kisha kungoja. Siku tatu, nne.
“Mbao mbichi haipakwi,” alikuwa akisema,
“utayafungia maji ndani
kama mtu aliyemeza hasira.”
Kisha msasa, kufuata nyuzi.
Ukizikata nyuzi, mbao haisemi kitu,
atasema mgeni, akiinuka na kibanzi kwenye suruali.

Twalibu, fundi wa pale stendi, ananihimiza vanishi.
Inang’aa, Mama Somoe!
Inang’aa, ndiyo. Mwezi wa sita.
Mwezi wa kumi inabanduka kama ngozi iliyobabuka,
mvua ikija inaingia chini yake, haina pa kutokea.
Mimi na maganda ya korosho:
debe lililotobolewa kitako, bakuli shimoni,
moto juu, na matone meusi yanashuka
mazito, kwa muda wao wenyewe.
Mikono naifunga mifuko ya sukari.
Mafuta haya hayana rafiki.
Tazama kidole hiki: mwaka wa kwanza nilijifanya najua.

Mwaka huu, kabla ya kupaka,
niligonga kila mguu kwa konzi, kama ada.
Mitatu iliitika: ko. Ko. Ko.
Wa nne ukasema: pu.
Kidole kikazama kama kwenye ugali wa moto,
na ndani, mchwa, weupe, wana haraka zao.

Kosa ni langu. Baada ya mazishi
misimu miwili sikupaka kitu.
Jiwe la chini ya mguu ule lilihama,
mguu ukagusa udongo, nami nikapita,
nikaona, nikapita.
Mchwa hawaulizi kama umefiwa.

Twalibu akaleta msonobari,
mweupe, mwepesi, unanuka sanduku jipya.
“Mkongo wa siku hizi, mama, una kibali,
una muhuri, una bei ya ng’ombe.”
Nikamwambia ngoja.
Nikaingia chumbani na upindo wa kanga,
nikapima tendegu la kitanda, upande wake yeye.
Mkongo uleule. Gogo lilelile;
benchi lilikuwa masalia ya kitanda,
nilikuwa nimesahau.
Twalibu akashika msumeno, hauvuti.
“Kata,” nikasema. “Uji wako unapoa.”

Mguu mpya umezidi wekundu, haujapigwa jua.
Tumeupaka mara tatu, tumeuweka juu ya jiwe bapa,
na juu ya jiwe, kipande cha tairi.
Kitanda nacho, kona moja,
kimekaa juu ya matofali.
Hakiyumbi. Nilidhani kitayumba.

Jana wakaja watu wa chama cha msingi,
wakabishana makato, wakabishana kilo,
mmoja akachoka, akasogea hadi mwisho,
juu ya mguu ule,
akaegemea ukuta, mdomo wazi, akakoroma.

Nilikuwa na chapati za kugeuza.
Nilisimama na mwiko
nikimsikiliza.