Nyekundu ya Kigongo

Mizani ya Lufulondama pale Makoroboi haijui taa.
Inajua kilo. Shaba huku, chuma kule,
alumini kwenye kiroba chake. Vioo anavipasua kwa nyundo,
maana kioo, anasema, hakiliwi na tanuru.

Nilisimama kama mtu anayetafuta bawaba.
Ukicheka mbele ya mizani, bei nayo inacheka.
Nikauliza rejeta, nikauliza birika lisilo na mkono,
kisha nikaigusa kwa ncha ya kiatu: na bati hili je?
Moyo ulikuwa unapiga honi.

Elfu kumi na nne. Nikaiviringisha kwenye gunia la mkaa,
nikapanda nayo ngazi za mawe hadi chumba cha nyuma
walimo wenzake: kichwa cha taa tatu
ambacho lori la pamba lilikipinda kofia,
jicho moja la kizuizi cha reli,
kimulimuli cha mchanga lami, rangi ya chungwa,
ambacho hadi leo mwanangu hukiita bibi harusi.
Winfrida anasema nimeoa barabara
na yeye ndiye kibao cha pembeni.

Kuijua taa ya zamani kuna adabu zake.
Usianze na rangi. Kila mwajiriwa mpya alipaka yake.
Kwangua kwa ukucha chini ya bawaba, uhesabu kurudi nyuma:
kijivu, manjano, kijivu tena, halafu ule wekundu
wa kwanza kabisa, wa kuzuia kutu.
Gusa lenzi shavuni. Plastiki hukuzoea upesi,
kioo hukaa baridi kama karani wa ardhi.
Herufi za kiwanda zisome kwa kidole,
kwa kuwa kutu huyadanganya macho tu.

Na kijani. Hapa ndipo wengi hukosea.
Kijani cha enzi za mafuta ya taa si kijani,
ni samawati, wino wa darasa la tatu.
Ulimi wa utambi ni wa njano;
njano ikipenya humo ndipo barabara inaambiwa nenda.
Ukitia balbu nyeupe unabaki na buluu tupu,
neno lililokatwa nusu.

Nikaandika daftarini:
Na. 31. Vioo viwili. Reli. Huenda stesheni ya Fela.

Jumanne Bi. Nkwimba alikuja kuchukua feni yake.
Hakuuliza ni nini. Alitia dole gumba
kwenye kibonyeo cha ubavuni, likaenea.
“Hii si ya reli. Hii ni Kigongo,
juu ya mteremko wa kivuko. Baba ndiye aliyeiwasha.
Nyekundu, malori yanasimama. Kijani, yanashuka pantoni.
Na mama alikuwa pembeni na karai la sato.
Dereva akisimamishwa, njaa humkumbuka.
Baba alikuwa na saa ya serikali mfukoni
lakini alitazama karai.
Hakugeuza kioo mpaka kipande cha mwisho kipate mtu.
Matingo walimtukana hadi ng'ambo, Busisi.
Ada yangu ya shule,” akasema, “ililipwa na nyekundu hii.”

Taa thelathini na moja, nazijua kwa uzito na skrubu.
Sikuwahi kuiuliza hata moja
ilimchelewesha nani, na nani akala.

Nikafuta Reli. Nikafuta Fela.
Pale pa kuandika kiwanda nikaandika: karai.

Kisha nikakata utambi kwenye pindo la shati langu,
nikamimina mafuta nusu kikombe, nikawasha.
Samawati ikageuka kijani ukutani,
kijani cha majani ya viazi baada ya mvua.
Nikageuka nimwone akifurahi.

“Siyo hiyo,” akasema. “Zungusha.”

Nikazungusha.
Bi. Nkwimba akavuta kigoda, feni mapajani,
akakaa katika ile nyekundu,
na hakuna aliyemwambia aende.