Mgeni wa Siku Mia na Ishirini

Orhan aliinunua Duisburg, uchochoro wa nyuma ya stesheni,
kwa muuzaji aliyeapa kwa macho ya wanawe:
hii haina kufuli, haina bwana,
itie laini yoyote duniani, itaitika labeka.
Akaifunga ndani ya soksi ya sufu,
akaileta Rize kwa mama yake, Nazmiye,
pamoja na kahawa na dawa ya magoti.

Pini ya kutolea kadi ilikuwa imepotea.
Nazmiye akavua hereni,
akachokoa tundu kama anayetoa mwiba kidoleni mwa mtoto,
akapachika laini yake ya zamani, yenye namba
ambayo mbuzi tu ndio hawaijui.
Vijiti vinne vikasimama kwenye kona ya kioo.
Akacheka. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini huku
mvua si habari.

Miezi minne akaionyesha Duisburg majani ya chai,
mkasi wake wenye mfuko,
magunia yakivuka bonde juu ya waya,
naye akaonyeshwa jiko la mwanawe, friji,
dirisha linalotazama dirisha.
Meseji ilikuja. Hakuisoma.
Nani husoma meseji za kampuni?
Ikaja nyingine. Akadhani ni bahati nasibu.

Siku ya mia na ishirini na moja
vijiti vikalala.

Alinikuta dukani nikinywa supu ya dengu.
"Ismet," akasema, "imekufa huku inapumua."
Nikabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli,
zikajitokeza namba kumi na tano,
jina ambalo simu huzaliwa nalo,
na ambalo hakuna aliyeliandika kwenye daftari la serikali.
Nikamweleza. Muuzaji hakudanganya, kufuli haina.
Inaweza kuingia nyumba yoyote,
ila nyumba ina mwenyewe.
Kuisajili kuna kodi. Nikamtajia kiasi.
Akaniuliza kama hiyo ni bei ya ndama.
Ya ndama na mama yake, nikasema.

"Mgeni hupewa jembe siku ya tatu," akasema.
"Huyu kalima tangu siku ya kwanza,
hajakosa hata moja, ndipo wanamfukuza?"

Supu yangu ilikuwa imepoa.
Kisha akasema, si kwangu, kwa kile kioo:
"Hata Orhan walimhesabia hivihivi.
Miaka sita, kila Novemba, karatasi dirishani,
na vidole kwenye wino.
Yeye walimtaka kumi tu."

Kuna mafundi Trabzon wanaovua namba ya simu iliyokufa
wakaivika iliyo hai.
Sikumwambia.
Sawa, nilimwambia. Akakataa kulala chumba kimoja
na jina la marehemu.

Nikamtolea ya vitufe, iliyokuwa chini ya droo,
nambari tano imefutika kwa kubonyezwa na watu nisiowajua.
Sikumtoza kitu. Nilimtoza betri.

Sasa kila Alhamisi anashuka na ile nzuri
hadi kituo cha kupimia chai, kwenye waifai;
neno la siri limeandikwa kwa chaki juu ya mizani.
Anatuma ukungu, anatuma mbuzi,
anatuma goti lake, limepungua uvimbe.
Wenye magunia nyuma yake wanalalamika.

Usiku Orhan anapopiga, inalia ya vitufe.
Anaibana sikioni kwa bega.
Ile nyingine, bubu, anaiegemeza kwenye bakuli la sukari,
picha ya mwanawe imejaa kioo kizima,
jicho moja limefumba kwa jua.
Anaongea naye hivyo,
sauti upande huu, sura upande ule,
na kila baada ya nusu dakika kioo kinaingia giza,
naye anakigusa kwa kidole cheusi kwa utomvu wa chai,
bila kukatiza sentensi,
kama anayemwambia mtoto mezani:
usisinzie, bado hujala.