Nguzo ya Saba

Miaka ishirini na sita nilizipanda.
Vyuma miguuni, mkanda kiunoni,
nikavuta waya kutoka Wete hadi Konde
na mvua ya masika ikinichapa mgongo.
Leo Bi Raya wa chumba cha mazoezi
kaniandikia nguzo kwenye karatasi, kama dawa:
wiki ya kwanza mbili, asubuhi na jioni.
Ya pili, nne.
"Usizipande," akasema. "Zipite."

Nilicheka, kisha nikakiogopa kicheko changu.
Tangu usiku ule naogopa kila kinachotikisa kifua:
chafya, goli la redioni, ngazi tatu za msikiti.
Nalala nausikiliza
kama nilivyokuwa nikisikiliza transfoma mbovu,
ule mvumo wake kabla ya kukatika.

Bi Raya huniwekea vidole viwili kwenye kifundo cha mkono,
macho kwenye saa ya ukutani,
nami sipumui mpaka amalize.
"Mzee Shaame, mwendo wako ni huu:
ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, endelea.
Ukishindwa kuzungumza, simama.
Kwa hivyo usende peke yako."

Mtoto huyu hajui anachoniagiza.
Nguzo haimsemeshi mtu.
Mimi na Bikombo tulioana mwaka wa karafuu nyingi,
na maneno yetu yote ni chai tayari,
mlango umefungwa, nani kafa.
Tukitoka, mie mbele, yeye nyuma, hatua kumi.
Sasa twenda bega kwa bega barabara ya Limbani,
na watu vibarazani wanatutazama
kama wanatazama arusi.

Siku ya kwanza sikuwa na la kusema.
Nikamtajia laini zangu: Pandani, Finya, Mzambarauni, Konde.
"Na Konde kuna nini?"
"Kuna nguzo."
Akacheka mpaka akaushika mtandio.

Mtu mzima husifiwa kwamba kala chumvi nyingi.
Yangu mimi imehesabiwa,
kijiko cha chai, kutwa nzima.
Papa mkavu nimeagana naye.
Bikombo anakula chukuchuku yangu, halalamiki,
ila usiku namsikia jikoni
akifungua kopo la achari, taratibu, kama mwizi.

Wiki ya tatu, nguzo ya tano, nikamuuliza:
"Usiku ule, ulifikiri nini?"
Hakujibu pale pale. Tuliyazunguka majamvi ya karafuu
yaliyoanikwa mpaka nusu ya njia.
"Nilitafuta funguo," akasema.
"Uliangukia funguo za kabati, na pesa za gari zimo ndani.
Nikakugeuza kama gunia.
Na nilikuwa na hasira, Shaame.
Wiki nzima kifua kinakuuma, huniambii.
Nilikuta pipi za tangawizi mfukoni mwako.
Ulikuwa unajitibu gesi."

Watu husema, piga moyo konde.
Wangu ulishapigwa.
Nilitaka kumjibu. Pumzi ilikuwepo,
neno ndilo halikuwepo.
Kwa kanuni ya Bi Raya
ilinipasa nisimame.
Sikusimama.

Jana tukaifikia ya saba.
Niliisimika mwenyewe, kibati cha namba
nilikipigilia upande, na upande kipo mpaka leo.
Kilima kinaanzia hapo.
Nilikuwa nazungumza,
sijui habari ya bei ya unga, sijui ya bomba la jirani,
siku hizi nazungumza mpaka najishangaa,
nikatambua kuwa sijibiwi.

Bikombo kabaki nyuma, hatua kumi, kama zamani.
Mkono mmoja ukutani mwa watu.
"Kokoto," akasema. "Imeningia kiatuni."
Hakuinama kuitoa.

Nikarudi.
Nikamshika kifundo cha mkono, vidole viwili.
Nikaitafuta saa; sikuwa nimeivaa.
Nikahesabu hivyo hivyo,
na waya wangu juu yetu unavuma.