Upana wa Punda

Usiku, Mkomani, chaji imebaki kumi na moja,
najenga mji kiganjani.
Nilianza na barabara: mstari mnyoofu, upana wa magari manne,
na nyumba zikaota kandokando kama uyoga.
Watu wangu, wadogo kuliko chawa, wakanunua magari,
wakapanga foleni hadi kisimani.

Nikaibomoa.
Kidole kimoja, vumbi la uongo,
nusu ya mawe yakarudi ghalani.
Nusu tu.

Nikachora ya kwetu:
upana wa punda na shogi zake,
inapinda kwa Mwanaesha, inapinda tena penye mfereji,
wikio juu, kivuli chini;
wakikutana wawili
mmoja hubana bega ukutani, salamu ikapita kwanza.

Mchezo ukakataa. Kila paa likawaka wekundu:
Nyumba hii haina njia.
Wakaanza kufungasha.

Shekuwe akaingia, saruji kwenye nyusi,
akachungulia juu ya bega langu.
"Ndia gani hii? Irejeshe ile pana!
Leo magunia sita, safari sita,
na kiwiko nimekiacha kwenye ukuta wa Mwanaesha."
Akanionyesha. Kweli, kidonda kilikuwa kibichi.

Sikumjibu. Chaji nne.
Mji umebaki na nyumba moja
na mtu mmoja asiyehama.
Kila asubuhi ya mchezo, yaani kila dakika mbili,
hutoka, huenda kisimani
akiifuata barabara niliyoing'oa,
katikati kabisa ya majani,
kisha husogea kando
apishe gari.