Chanzo: Umeme

Nje ni thelathini na nne chini ya sifuri.
Moshi wa makaa ya mawe umeikalia Ulaanbaatar
kama kifuniko kilichokosa sufuria.
Bwana Dagvadorj amepanda hadi orofa ya tatu,
kompyuta kaikumbatia kama mgonjwa wa homa,
na kabla hajaketi ameshatoa hukumu:
"Umeme ulikatika Jumanne. Uliporudi, ulirudi na hasira.
Andika hivyo, fundi Nansalmaa, na upige muhuri.
Kampuni inilipe."

Mimi siandiki kabla sijanusa.
Kilichoungua kwa kishindo hunuka wiki nzima,
harufu ya ukucha uliochomwa.
Ubao mama huu haunuki kitu, ila vumbi,
na uzi mmoja wa sufu, rangi ya ngamia,
umenasa kwenye kibano cha tundu la pili.

Nauacha. Uzi hauna haraka.

Lenzi jichoni: kapasita zimesimama wima,
vichwa bapa, hakuna iliyovimba.
Mita: volti kumi na mbili zipo. Tano zipo.
Tatu na nukta tatu zipo, hazitetemeki.
Umeme wa ukutani ukija na hasira
huvunja mlango kwanza, hula fyuzi, huacha masizi.
Hapa mlango mzima, komeo zima,
na bado kuna aliyeuawa chumba cha ndani.

Nachomoa vijiti vya kumbukumbu, vyote viwili.
Cha zamani, tundu la kwanza: inawaka.
Cha zamani, tundu la pili: inawaka.
Kipya, tundu la kwanza:
inawaka pia,
na hapo ndipo fundi mvivu hupokea pesa.
Mwenye kovu usidhani kapoa.
Nakiacha kijaribiwe usiku kucha.

Asubuhi, mistari myekundu mia mbili na kumi na saba.
Wala si ya ovyo. Anwani ile ile, biti ile ile:
unaandika moja, unasoma sifuri,
unaandika moja tena, unasoma sifuri,
kama mtoto mwenye kisirani anayeambiwa aseme ndiyo.
Nakihamishia tundu la pili. Kosa linakifuata.
Basi ubao hauna hatia.

"Hiki kipya alikitia nani?"
"Mpwa wangu," anasema. Kisha, kwa sauti ya chini:
"Mimi. Si kubonyeza tu?"
Wapi? Sakafuni, juu ya zulia, karibu na jiko.
Umevaa nini?
Anainamia sweta lake. Dada yake alilifuma,
manyoya ya ngamia, mikono mirefu kupita vidole.

Sisi wa baridi kavu tunalijua kofi hilo dogo:
kitasa, shavu la mtoto, blanketi gizani,
cheche, kicheko, yamepita.
Lakini cheche unayoisikia kidoleni
imeshafika maelfu ya volti,
na kijiti hiki hufa kwa mia chache tu, wala hakilii.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na safari hii, Bwana Dagvadorj, si fumbo.

Ananyamaza. Anahesabu kitu kwa midomo.
"Basi huandiki."
Mwezi huu wamekata mara tano;
jana nimemalizia kulehemu kwa tochi, mdomoni.
Navuta fomu. Mstari wa chanzo ni mmoja,
mfupi kuliko jina langu.
Naandika: Umeme.
Siandiki wa nani.

Anasoma mara mbili. Anatabasamu upande mmoja,
anavaa koti juu ya lile sweta, ananyoosha mkono,
nami nimesahau kwamba bangili yangu ya waya
nimeivua nikanywe chai.

Tak!

Tunabaki tumesimama, kila mtu na kidole chake,
kila mtu akimshuku mwenzake.