Unyoya

Saa sita na robo usiku ndege kubwa imegoma kuondoka,
au niseme ukweli, mimi ndiye niliyeigomesha,
kwa unyoya mmoja mweusi
ulionata ukingoni mwa pangaboi.

Kunguru wa Dar hawajui ratiba.
Mchana hushinda dampo, jioni hukatiza njia ya kutulia
kama wenye hati ya kiwanja.
Rubani anasema alisikia kishindo kidogo,
kama mlango wa chumba cha pili.

Basi naingia. Ndiyo, mtu huingia:
navua viatu, natandika mkeka wa mpira,
nachuchumaa katika mdomo mpana kuliko chumba
tulicholala watoto watano pale Kiwalani.
Nayasukuma mapanga kwa kiganja.
Yanazunguka polepole, yanagongana
kama vijiko ndani ya karai.
Yusta anamulika tochi, anahesabu: ishirini na mawili.
Ana mwezi wa pili kazini,
anauliza nililouliza mimi zamani: "Moto uko wapi?"

Uko ndani huko, mdogo wangu, mahali padogo.
Hewa ikishamezwa inabanwa, inabanwa tena,
hata inachemka kabla ya kuuona moto,
ndipo inapopuliziwa mafuta,
na mafuta yenyewe si mgeni kwako:
binamu wa mafuta ya taa,
yale ya kutumwa dukani kwa Mangi,
chupa ya soda, kizibo cha gazeti.
Kwa koroboi nilisoma hesabu za sehemu
hadi kamasi zikawa nyeusi.
Mwali ni uleule, ila huu unavuka Sahara.

Lakini sikiliza:
hewa nyingi haiuoni moto kabisa.
Sehemu tisa kwa kumi hupita kando, baridi,
ikisukumwa na pangaboi hili tu,
na hiyo ndiyo ibebayo watu na masanduku yao.
Moto kazi yake kulizungusha pangaboi. Basi.
"Kumbe!" anacheka Yusta.
"Na makelele yote yale?"

Kamera yangu, nyembamba kama mkia wa panya,
inateleza hadi nyuma ya moto.
Huko kuna vyuma vidogo kama vidole
vinavyoishi katika joto la kuviyeyusha
na haviyeyuki, kwa kuwa vimetobolewa vitundu;
hewa ya afadhali inavuja humo,
inavivika shela usiloweza kuliona.
Kila nikivitazama namkumbuka mama
akiipua sufuria kwa mikono mitupu.
Huungui, mama?
Naungua. Ila siachii.

Ndani ni safi. Harufu tu ya nyama iliyoungua.

Ila panga la kumi na saba lina pengo.
Ukucha umeliona kabla ya jicho.
Milimita mbili. Kitabu kinaruhusu, likilainishwa.
Bwana Rwekaza wa kituo, kule chini, ananionyesha saa yake:
abiria mia mbili na tisini,
na mtoto mmoja analia tangu saa nne.
Sijibu. Nachukua tupa, kisha msasa,
vilevile vya fundi baiskeli wa Vingunguti,
nakwangua hadi ukucha upite bila kukwama.
Halafu nakwangua tena kidogo, kwa ajili ya yule mtoto.

Saa nane na dakika kumi natia saini,
jina zima, Siwema Athumani Kibwana.
Mkono unatetemeka; sijui baridi gani hiyo, Dar, Februari.

Inapiga mluzi kwanza. Kisha inavuta hewa ya Kipawa yote,
na nyasi za kando zinalala.
Yusta ameziba masikio.
Mimi nalisikiliza panga la kumi na saba,
ingawa najua halisikiki,
mpaka taa yake nyekundu inapozama juu ya Ukonga.

Nyumbani nimefika alfajiri, unyoya mfukoni mwa ovaroli.
Pangaboi la chumbani kwangu
mwezi wa tatu huu linagonga, tak, tak,
na sijapata nafasi ya kulitazama.
Nimelala chini yake hivyohivyo,
nikihesabu mapanga: matatu.