Chapati ya Kongoti

Studio yetu iko Ngara, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro,
na ndiyo sababu, husema Otiato,
mtu wetu akianguka haumii.

Mtu wetu ni Kongoti, ndege wa jalalani:
koti la kijivu, shingo tupu, miguu ya fito.
Kila kipindi hununua chapati moja.
Huipangusa vumbi, hufumba macho, husema,
"Leo ni leo,"
na kabla mdomo haujafunga
kitu huja.

Upepo. Kima wa City Park. Kofia ya askari wa kaunti.
Kipindi cha tisa chapati yenyewe ilisimama,
ikaota miguu, ikaondoka bila kuaga.
Kisha Kongoti hurudi kinyumenyume, hukanyaga ndoo,
na Otiato, chini ya blanketi na maikrofoni yake,
hupiga sufuria ya nyanyake: pwaa!

Mara ya kwanza ni ajali.
Ya pili ni mkosi.
Ya tatu, watoto wanaicheka kabla haijafika,
nawe unawafuata nyuma, umebeba ndoo.

Mfadhili akaandika: kichekesho kimechakaa.
Mhusika akue. Apate funzo. Apate chapati.
Kodi tulidaiwa ya miezi miwili.
Basi Mutheu akachora, siku tatu, amenuna,
Kongoti akitafuna.

Tukaipeleka Kariobangi, darasa la pili,
watoto hamsini na sita, shuka ukutani.
"Leo ni leo," akasema Kongoti.
Wakajishika mbavu mapema, kicheko kimewajaa mashavuni
kama maji ya kusukutua.
Akauma. Akatafuna. Akameza.
Darasa likanyamaza jii.
Kasichana kamoja, Nekesa, pengo mbele,
kakauliza, wala si kwa hasira:
"Sasa kesho ataamka afanye nini?"

Kurudi, hakuna aliyefungua kinywa.
Mimi nilikuwa nimeshafika Umoja, nyumba ya zamani,
baba mlangoni pake mwenyewe, kila jioni,
funguo mfukoni, anabisha:
"Hodi! Mwenye nyumba yupo?"
Na mama, macho kwenye sukuma wiki:
"Hayupo. Ametoka kutafuta unga."
"Basi mwambieni nimemkosa."
Akaingia, pakiti ya unga kwapani.
Miaka kumi na tisa, maneno yale yale.
Nilipotimiza kumi na minne nilimwambia,
baba, haichekeshi tena.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa chumvi imepitwa na wakati.
"Nani alikwambia ni ya kuchekesha?"

Siku hizi habishi mtu.
Juzi upepo ulitikisa komeo
nikamsikia mama jikoni, polepole:
"Hayupo."
La unga hakuliongeza.
Alingoja kidogo, kisu hewani, kisha akaendelea kukata.

Mwalimu Shekue alitufunza shuleni, chaki sikioni:
beti husafiri, kibwagizo hulinda nyumba.
Nilidhani anazungumzia mtihani.

Tumekifuta kipindi cha arobaini na moja.
Kwa mfadhili nimeandika barua fupi, yenye adabu,
na mwenye nyumba nimemwandikia nyingine, ndefu zaidi.
Mutheu anachora upya, anapiga mluzi.
Kongoti ananunua. Anapangusa. Anafumba macho.
Nimeongeza kitu kimoja, sekunde mbili tu:
nyuma yake, katikati ya taka,
mlango uliotupwa, hauna ukuta wala nyumba,
umesimama wima peke yake,
na upande wa pili mtu anabisha.
Kongoti anafumbua jicho moja.
Anaiweka chapati chini, taratibu,
anakwenda kufungua.

Otiato ameshainua sufuria.